Ilunga sita, mtoto mmoja: yupi asimuliwe darasani?

Muhula wa pili ukianza huwa ninawapa watoto wa mwaka wa sita kazi moja ninayoipenda kuliko zote. Kila mmoja atafute mtu mashuhuri anayebeba jina lake, kisha asimame mbele ya wenzake kwa dakika 10 atueleze habari zake. Ninafundisha Katuba, na hapa Lubumbashi darasa lisilo na Ilunga ni nadra. Mwaka huu ninao wanne: wavulana watatu, na msichana mmoja aliyerithi jina la babu yake. Na kama kila mwaka, wazazi wananingoja mlangoni asubuhi na swali lilelile: "Mwalimu, Ilunga ni wengi. Tumchukue yupi?"

Zamani swali hilo nilikuwa ninalijibu kwa haraka mno. Miaka miwili iliyopita nilimwambia baba mmoja, "Mchukueni Mwepu, yule wa mpira," nikaenda zangu kuandika ubaoni. Siku ilipofika, mtoto alileta simu ya kaka yake akawaonyesha wenzake ile video ya Kombe la Dunia la mwaka 1974, Mwepu akiukimbilia mpira wa adhabu wa Wabrazili. Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto akabaki amesimama, hana la kusema, kwa kuwa hakuna mtu aliyemweleza kilichokuwa nyuma ya ile picha. Hata dakika tatu hazijaisha akarudi kukaa. Niliwanyamazisha, lakini mimi ndiye niliyempeleka vitani mikono mitupu. Tangu siku hiyo nimejisomea habari za kila Ilunga ninayeweza kumpata, na haya ndiyo ninayowaambia wazazi sasa, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni jina lenyewe na mahali linapokaa. Karatasi zetu Wakongomani zina jina, jina la pili na jina la ubatizo, na mpangilio wake hubadilika kufuatana na anayeandika. Kuna ambaye Ilunga ni la mbele, kuna ambaye ni la nyuma, na kuna mmoja ambaye ugenini waliliacha kabisa. Mtoto wa miaka 11 anataka kuona jina lake limeandikwa, herufi kwa herufi. Mkumbuke pia kwamba kwetu jina si ukoo. Baba mmoja anaweza kuwa na watoto watano, kila mmoja na jina la nkambo wake, yaani babu au bibi yake. Hawa sita si ndugu, na mtoto asije akasimama akasema "mjomba wangu Makabu". Ni wajina wake tu, ndoyi zake, kama tunavyosema tukiazima kwa Kilingala.

La pili ni kama habari za mtu huyo zinajaza dakika 10 bila kurudiarudia. La tatu ni mahali pa kuzipata: kwa wazee, kwenye simu, kitabuni au makumbusho. La nne ndilo zito kwangu. Kila mtu mashuhuri ana swali moja gumu linalomfuata, na watoto wana kipaji cha kuliona upesi. Mtoto asiende bila jibu lake.

Jambo moja liacheni nje. Mtandaoni mtakuta kwamba "ilunga" ni neno gumu kuliko yote duniani kutafsiri, eti maana yake ni mtu anayesamehe mara ya kwanza, anayevumilia mara ya pili, lakini ya tatu hapana. Habari hiyo ilitoka mwaka 2004 kwenye orodha ya kampuni moja ya tafsiri ya London, ikazunguka dunia. Mtoto akitaka maana ya jina lake, amuulize nkambo wake anayesema Kiluba. Atapata jibu bora zaidi, tena lenye majina ya watu wake mwenyewe ndani.

Kalala Ilunga, shujaa wa Waluba

Jina. Ilunga ndilo jina lake. Kalala ni cheo cha kiongozi wa vita. Wafalme kadhaa wa Waluba waliokuja baadaye waliitwa Ilunga vilevile, kwa hiyo ukitafuta shina la jina, hapa ndipo.

Habari. Palikuwa na mfalme mwekundu, Nkongolo Mwamba, mkatili na mlevi. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtoto wa mfalme, mwenye adabu za kifalme ambazo huko hazikujulikana. Alishangaa kumwona Nkongolo akila na kunywa mbele ya watu, kwa sababu kwao mfalme alikula akiwa peke yake. Mbidi akawaoa dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela, na Bulanda akamzaa Ilunga. Baba akarudi kwao. Kijana akakua akiwa hodari wa mbio na wa vita, akampanulia mjomba wake nchi, na sifa zake zikawa nyingi kuliko za mjomba. Wivu ukaingia. Nkongolo akachimbisha shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo. Kijana akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba kwenda kwa baba yake, akarudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa akakatwa kichwa.

Nimewahi kumsikia mtoto akisimulia hapo penye ngoma huku akigonga dawati kwa vidole. Darasa halikupumua.

Pa kumpata. Kwa wazee kwanza. Waluba walikuwa na chama cha watunza kumbukumbu, Mbudye, na chombo chao kiliitwa lukasa: ubao wa mti unaoshikwa mkononi, wenye shanga na makombe, ambao mtunzaji aliupapasa kwa kidole huku akisimulia wafalme na safari zao. Makumbusho ya Taifa hapa mjini yana vitu vya kale na vya sanaa vya mkoa wetu, na mtoto akipelekwa huko Jumamosi moja atarudi na macho mengine.

Swali gumu. "Aliishi kweli?" Jibu la haki ni kwamba hii ni hekaya ya kuanzishwa kwa dola. Dola lenyewe lilikuwepo, na watu wa bonde la Upemba walikuwa wakifua chuma na shaba karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yameonyesha hayo. Lakini hakuna anayeweza kukuonyesha siku ya kuzaliwa kwa Kalala. Swali la pili linauma zaidi hapa kwetu: "Alimuua mjomba wake?" Ndiyo. Mtoto aelezwe nyumbani kwanza mjomba ni nani katika hadithi hii, na kwa nini wasimulizi waliona ni lazima auawe.

Anamfaa mtoto mwenye nkambo aliye hai, na mtoto mwenye sauti.

Chibinda Ilunga, mwindaji aliyekwenda magharibi

Jina. Chibinda maana yake mwindaji, Ilunga ndilo jina. Linakaa wazi.

Habari. Mtoto wa ufalme wa Waluba anaondoka kwao na upinde wake, anafika kwa Walunda, anakutana mtoni na Lueji, malkia aliyeachiwa nchi na baba yake kwa sababu kaka zake, Kinguri na Chinyama, walimkosea baba heshima. Wanaoana. Lueji anampa lukano, bangili ya utawala. Kaka wanakasirika, wanaondoka na watu wao kuelekea nchi tunayoiita Angola leo. Wachokwe wa karne ya 19 walimchonga Chibinda kwa namna ambayo bado inawashangaza watu: kilemba kikubwa kilichopinda, fimbo mkono mmoja, bunduki au pembe ya dawa mkono mwingine, misuli ya miguu imetanuka kama mtu anayetaka kuondoka sasa hivi. Sanamu hizo ziko Berlin, na moja maarufu iko Fort Worth, Texas.

Pa kumpata. Picha za sanamu zinapatikana kwenye simu. Hadithi yenyewe, kwa Walunda, na hapa Lubumbashi hao ni majirani zetu.

Swali gumu. "Nani alikuwa mtawala, yeye au mke wake?" Muwe waangalifu hapa. Msimulizi Mluba atamkuza mwindaji. Mlunda atakukumbusha kwamba nchi ilikuwa ya Lueji, na kwamba mgeni alipewa bangili, hakuja nayo. Kama darasani kuna mtoto wa Kilunda, atalisema, na atakuwa na haki.

Anamfaa mtoto anayependa kuchora. Anamfaa pia yule msichana wangu mwenye jina la babu, kwa kuwa nusu ya hadithi hii ni ya mwanamke, na anaweza kuisimulia kutoka upande huo.

Ilunga Mwepu, beki wa Leopards

Jina. Ubatizo wake Joseph. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu, rais wetu wa wakati huo, alipiga marufuku majina ya ubatizo, kwa hiyo dunia ilimjua kama Mwepu Ilunga, na wengine wanaanza na Ilunga. Hilo peke yake ni dakika mbili nzuri za kueleza: kwa nini timu nzima ya mwaka 1974 haina Joseph wala Pierre kwenye orodha yake.

Habari. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Alizaliwa mwaka 1949, akacheza beki katika timu yetu ya Kamalondo, hapa mjini, Tout Puissant Englebert, ambayo leo ni Mazembe, klabu iliyokuwa imekwisha kutwaa kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili, 1967 na 1968. Machi 1974 Leopards, timu ya taifa ya Zaire, Congo yetu ya leo, walikwenda Misri wakarudi mabingwa wa Afrika. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, wakashinda 2-0, na mabao yote manne yalikuwa ya Ndaye Mulamba, aliyefunga 9 katika mashindano hayo. Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Walifungwa na Scotland 2-0, kipigo kisicho cha aibu hata kidogo. Kisha wachezaji wakafahamu kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia, kwamba wakubwa waliosafiri nao wamezichukua. Wakataka kugoma. Mechi ya Yugoslavia waliicheza kwa mioyo iliyokufa, wakapigwa 9-0. Na baada ya hapo, kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe, watu wa Mobutu waliwajia na vitisho: mkifungwa na Brazil mabao manne, msirudi nyumbani.

Tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen. Brazil nao walikuwa kwenye shida yao: walikuwa wametoka sare mbili bila bao, na ili wapite juu ya Scotland walihitaji kushinda kwa mabao matatu. Wakayapata matatu. Dakika zinaelekea ukingoni, mpira wa adhabu karibu na goli la Zaire, Wabrazili wanajipanga kupiga. Firimbi inalia. Kutoka kwenye ukuta anachomoka beki mwenye fulana namba 2, anakimbilia mpira, anaupiga mbali kwa nguvu zake zote. Wabrazili wanacheka. Mwamuzi anatoa kadi ya njano. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliita tendo lile ujinga wa Kiafrika, na kwa miaka mingi lilionyeshwa kwenye vipindi vya vichekesho.

Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza mwenyewe. Sheria aliijua. Alitaka kadi nyekundu, atoke uwanjani, kwa sababu hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa faida ya watu waliokaa jukwaani. Na ninawaomba wazazi wafikiri pamoja na mimi: beki aliyefika fainali ya Afrika, akaimaliza, akairudia, akashinda, angewezaje kutojua kwamba ukuta hukaa mita 9.15 mpaka mpira upigwe? Kila mara ninapoitazama video ile sasa ninamwona mtu mzima wa miaka 24 aliyebanwa pande mbili, mbele Brazil, nyuma Kinshasa. Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015. Amezikwa na bado wanacheka, na jambo hilo linaniuma.

Pa kumpata. Video iko kila mahali. Wazee wa Kamalondo waliomwona akicheza bado wapo, wanapungua kila mwaka.

Swali gumu. "Hakujua sheria?" Jibu limekwisha kutolewa hapo juu, na mtoto inampasa kulikariri. Lakini kuna jingine, ambalo mtoto mjanja atalichimbua: katika mechi ya Yugoslavia ilisemwa kwamba Mwepu alimpiga teke mwamuzi, na kadi nyekundu akapewa Ndaye Mulamba, asiyehusika. Msilifiche. Alikosa, na mwenzake akalipa. Mtoto akilisema mwenyewe kabla hajaulizwa, darasa litamwamini na mengine yote.

Anamfaa mtoto asiyeogopa kubishana. Hamfai mtoto mwoga akiachwa peke yake. Hilo nimelijifunza kwa machozi ya mtoto wa mtu mwingine.

Ilunga Makabu, bingwa wa ngumi

Jina. La mbele kabisa, Ilunga Makabu, limeandikwa hivyo kwenye mabango ya mapambano yake. Wengi humwita Junior.

Habari. Mzaliwa wa Kananga, 1987. Pambano lake la kwanza la kulipwa, mwaka 2008, alipoteza. Akaendelea, akajenga kazi yake Afrika Kusini. Mwaka 2016 alipata nafasi ya ubingwa wa dunia wa WBC Liverpool, Uingereza, dhidi ya Tony Bellew. Akamwangusha Bellew raundi ya kwanza, kisha yeye mwenyewe akaangushwa raundi ya tatu. Tarehe 31 Januari 2020, mjini Kinshasa, mbele ya watu wake, akamshinda kwa pointi Michał Cieślak wa Poland na kuvaa mkanda aliokosa. Aliutetea mara mbili: kwa Mnaijeria Olanrewaju Durodola, tena Kinshasa, na kwa Thabiso Mchunu wa Afrika Kusini, huko Ohio, Januari 2022. Februari 2023, Saudi Arabia, Badou Jack alimsimamisha raundi ya 12.

Alipoteza mwanzo, akapoteza katikati, akashinda, akapoteza tena. Kwa umri wa miaka 11 hiyo ni hadithi iliyojaa.

Pa kumpata. Kwenye simu, mapambano yote. Wazee hawatasaidia sana.

Swali gumu. Si kubwa: "Bado ni bingwa?" Hapana, na tarehe ya kuupoteza mkanda inajulikana. Watoto wengine watauliza kama yeye ndiye Mkongomani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Hapo mtoto amkumbuke Sumbu Kalambay, mzaliwa wa mji huu huu, aliyetwaa ubingwa wa WBA uzito wa kati mwaka 1987, lakini chini ya bendera ya Italia.

Anamfaa mtoto wa kutaka kusimama, kusema, na kukaa bila mabishano. Na ninaongeza neno moja ambalo ni la hapa kwetu. Makabu ni wa Kasai. Sisi watu wazima wa Lubumbashi tunakumbuka mwaka 1992 na 1993, jinsi majirani wa Kasai walivyofukuzwa Katanga, treni zilizojaa, nyumba zilizofungwa. Jina Ilunga liko pande zote mbili, Katanga na Kasai. Mtoto wa familia ya Kasai akimchagua Makabu, asimame na jina lake bila kuinamisha kichwa. Na mtoto wa Katanga akimchagua, vilevile ni ndoyi wake.

Didier Ilunga-Mbenga, wa mpira wa kikapu

Jina. Kwenye karatasi ni Ilunga-Mbenga, kwa kistari. Marekani walimwita DJ Mbenga, na mgongoni mwa fulana Ilunga halikuonekana. Mtoto anayetaka kuonyesha jina lake kwenye picha atahuzunika kidogo.

Habari. Alizaliwa Kinshasa mwishoni mwa 1980. Baba yake alitumikia serikali ya Mobutu, na utawala ulipogeuka mwaka 1997 familia ilivunjika. Kijana akaishia Ubelgiji kama mkimbizi. Huko ndiko Willy Steveniers, mchezaji wa zamani wa kikapu wa Ubelgiji, alipomwona, kijana mwenye urefu wa kama mita 2.13, akamfundisha mchezo. Mwaka 2004 alikuwa Dallas. Baadaye akawa Los Angeles Lakers, na kwa timu hiyo alitwaa ubingwa wa NBA mara mbili mfululizo, 2009 na 2010.

Pa kumpata. Kwenye simu, ingawa nyingi si za Kiswahili wala Kifaransa, na hapo mtoto atahitaji mtu wa kumsomea.

Swali gumu. "Alikuwa nyota?" Hapana. Alikuwa wa akiba, mwenye wastani wa chini ya pointi 2 kwa mchezo. "Alichezea Congo?" Alichezea Ubelgiji. Mtoto ayaseme bila haya: timu bingwa ina watu wa akiba, na nchi iliyompokea mkimbizi ndiyo aliyoichezea.

Anamfaa mtoto aliyehama. Ninao watoto waliokuja kutoka Kivu na mabegi mawili, na najua wanavyosikiliza sehemu ya ukimbizi wake.

Sylvestre Ilunga Ilunkamba, waziri mkuu

Jina. Ilunga katikati, wazi, na kila gazeti liliandika hivyo.

Habari. Mzaliwa wa Katanga, 1947, mchumi na profesa. Aliongoza shirika la reli, SNCC, ambalo makao yake yako hapa Lubumbashi. Mei 2019 Rais Tshisekedi alimteua kuwa waziri mkuu wa serikali ya muungano na kambi ya Kabila, rais aliyemtangulia. Muungano ulivunjika, Januari 2021 bunge likapitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, akajiuzulu.

Pa kumpata. Magazeti, na wafanyakazi wa reli kama mnao nyumbani.

Swali gumu. "Kwa nini waliiangusha serikali yake?" Kila mzazi ana jibu lake kulingana na chama chake, na mtoto atarudia la baba. Ndiyo maana ninawaomba wanaomchagua wabaki kwenye tarehe na kazi alizofanya, na wamweleze mtoto jinsi bunge linavyoweza kumwondoa waziri mkuu. Hilo ni somo la uraia lenye faida.

Anamfaa mtoto wa mfanyakazi wa reli, na mtoto anayependa kujua nchi inavyoendeshwa. Dakika 10 zitakuwa ndefu kwake asipojiandaa.

Kwa hali yenu

Kama mna siku mbili tu, mchukueni Makabu. Habari zake zina tarehe, zina mwanzo na mwisho, na mtoto akitazama mapambano matatu atakuwa na la kusema.

Kama nkambo yupo nyumbani na bado anakumbuka, msimpe mtoto simu. Mkalisheni karibu na mzee jioni tatu, amsikilize Kalala Ilunga. Akija na toleo linalotofautiana na nililoandika hapa, asimulie lile la nkambo wake.

Kama mtoto huzungumza kwa penseli kuliko kwa mdomo, Chibinda. Achore sanamu kwanza, kisha aieleze, maneno yatamfuata mkono. Kama ni msichana na anaona Ilunga wote ni wanaume, Chibinda tena, lakini aanzie mtoni, kwa Lueji.

Kama familia yenu imehama, au mtoto amechoka kuwa wa akiba kila mahali, mpeni Mbenga. Kama baba amefanya kazi SNCC, Ilunkamba yuko karibu nanyi kuliko mnavyofikiri.

Ilunga wawili wakiwa darasa moja, wasichukue mtu mmoja. Mmoja aende kwa wa kale, mwingine kwa wa leo, darasa lisikie umbali kati yao.

Na kama mtoto mwenyewe anamtaka Mwepu, msimkatalie. Mwaka huu ninaye mmoja anayemtaka, mdogo wa yule aliyechekwa. Nimemwomba baba yake ampeleke Kamalondo kwanza, akae na mzee mmoja aliyewaona Leopards, amuulize maswali yake yote, hata lile la mwamuzi. Darasani aanzie Misri, mwezi Machi, kwenye fainali iliyorudiwa. Afuatie fedha zisizofika, Scotland, Yugoslavia, vitisho. Brazil iwe ya mwisho. Simu ibaki mfukoni mwangu mpaka amalize kusema, ndipo nimpe aionyeshe.